Kasumba Ni ya Nani?

Kasumba! Ndilo neno nililotupiwa usoni katika kikao chetu cha waandishi chipukizi, mbele ya watu kumi na wawili na birika la chai. Nilikuwa nasoma sura ya sita ya riwaya yangu, ile ambayo kijana wa Kisauni anaingia mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote kwa siku moja bila kupumzika. Sijafika hata nusu ya sura, mwenzetu mmoja akanyosha mkono. "Ndugu yangu," akasema, "hii ni kasumba. Triathloni ni mchezo wa mabwanyenye wa Ulaya waliochoka kukaa ofisini. Mswahili gani atajitesa hivyo bila kulipwa? Andika mambo yetu bwana!" Watu wakacheka. Yuko na aliyepiga makofi.

Siku ile sikujibu. Nilirudi nyumbani na karatasi zangu kwapani, nimenywea kama kuku aliyenyeshewa. Leo najibu, tena najibu hapa hapa katika kurasa zetu, ili na wale waliocheka wapate kusoma.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani, maana wengi wanaoutukana mchezo huu hawaujui. Triathloni ya masafa ya kati ni kilomita 1.9 majini, kilomita 90 juu ya baiskeli, na kilomita 21.1 kwa miguu. Jumla ni kilomita 113. Ni nusu kamili ya ile kubwa yenye kilomita 3.8, 180 na 42.2. Saa ikishaanza haisimami. Ukitoka majini ukakaa chini kupangusa mchanga vidoleni ili uvae raba, muda huo nao unahesabiwa. Hakuna wa kukubeba, hakuna wa kukupokea kijiti. Ni wewe na mwili wako kutoka asubuhi mpaka jua linapopinda.

Haya, huo umabwanyenye ulianza wapi? Mchezo wenyewe, ule mkubwa, ulizaliwa kisiwani kama sisi tulivyo kisiwani. Ilikuwa Hawaii, katika kisiwa cha Oahu, mwaka 1977. Watu walikuwa wamemaliza mbio za kupokezana vijiti, wamekaa, ubishi ukaanza: nani ana mwili ulio imara zaidi, mwogeleaji au mkimbiaji? Ofisa mmoja wa jeshi la maji, John Collins, akaingiza na waendesha baiskeli, akasema basi tuunganishe mashindano matatu ya kisiwani yawe moja, tuone. Tarehe 18 Februari 1978 walijitokeza wanaume 15. Waliomaliza ni 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Kila mtu alikuja na watu wake wa kumpa maji. Wa pili, John Dunbar, alipoishiwa maji njiani wenzake wakampa bia. Hao ndio mabwanyenye!

Sasa mimi nauliza: ubishi wa namna hiyo si wa barazani kwetu? Ni jioni gani utapita mitaa ya Mombasa usikute watu wamekaa kwenye baraza, mmoja anasema hakuna kazi ngumu kama kuvuta nyavu, mwingine anasema njoo usukume mkokoteni hadi Kongowea ndio ujue ngumu ni nini? Tofauti yetu na watu wa Hawaii ni moja tu. Wao walinyanyuka kwenye ubishi wakaenda kupima. Sisi tunaagiza kahawa nyingine.

Tena "mambo yetu" ni yepi? Muuza mikate anayetoka alfajiri na Black Mamba iliyopakiwa kreti mpaka dereva haonekani kwa nyuma, yule haendeshi baiskeli? Anaendesha kila siku ya Mungu, na chuma chenyewe hakina gia. Mvuvi anayeruka chomboni kuinasua nyavu iliyokwama kwenye mwamba, yule haogelei? Na kukimbia, kwani nchi hii inasifika kwa nini kingine? Kila kipande cha mchezo huu tunacho majumbani. Vikishonwa pamoja tu, ghafla linakuwa vazi la Mzungu.

Nitakubali jambo moja, maana sipendi kushinda kwa kuficha. Mchezo wa leo si ule wa 1978. Leo kuna makampuni yenye majina, ada za kuingia, na baiskeli ambazo bei yake inaweza kumnunulia mtu kiwanja. Hapo mwenzetu ana haki yake na siwezi kumnyima. Lakini hebu tazama bahari yetu inavyowavua watu. Wa nchi za baridi huogelea na suti za mpira zinazowapa joto na kuwaelesha juu ya maji. Katika mashindano makubwa ya namna hii, maji yakipita nyuzi 24.5, anayeivaa suti hiyo hagombei tuzo. Na maji yetu ni kama ya kuogea mtoto karibu mwaka mzima. Hapa Pwani tajiri anaingia baharini na chupi ya michezo kama mimi. Kwa dakika arobaini au hamsini za kwanza hakuna cha pesa.

Basi baada ya kikao kile nikasema sitabishana kwa mdomo. Nikaita watu. Hatukuwa na mdhamini wala bendera. Tulikuwa tisa: wavuvi wawili, mpiga mbizi mmoja, muuza mikate mmoja wa Changamwe, wakimbiaji watatu wa mtaani, binti mmoja wa Kisauni ambaye jina lake kakaye alinikataza kulitaja, na mimi mtunga riwaya, mwenye baiskeli ya mitumba iliyokuwa na gia nyingi kwa kutazama na mbili kwa kutumia.

Kila kitu tulikipanga sisi. Ami yangu, nahodha mstaafu, ndiye aliyetuchagulia siku. Alisema: "Mkiingia wakati wa maji kupwa mtatembea mpaka mwambani, hapana kuogelea hapo. Ngojeni siku tatu baada ya mwezi mpevu, maji yatajaa kwenye saa kumi na mbili na nusu asubuhi." Ikawa hivyo hivyo. Pale ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, tukapima kwa kamba mita 475, tukafunga madumu ya manjano kwenye mawe yawe maboya, na kila mtu azunguke mara mbili, kwenda na kurudi, ipatikane 1.9. Ami akakaa kwenye ngalawa na tyubu mbili za lori. Mimi nilimwambia, "Ami, tyubu za nini? Hawa wote ni watoto wa Pwani."

Neno hilo nalirudia hapa kwa aibu. Ndilo lililobaki likinisumbua kuliko kasumba.

Tuliingia. Maji yalikuwa yametulia, rangi ya risasi, jua ndio kwanza linachomoza juu ya mwamba. Mita mia za kwanza zilikuwa mateke na viwiko. Binti wa Kisauni, na suruali yake na fulana ya mikono mirefu, akatupita wote isipokuwa mpiga mbizi. Mimi nilikuwa nahesabu mikono yangu: moja, mbili, pumua. Nilipolizunguka dumu la mbali mara ya kwanza nikasikia sauti ya ami, si ya kupiga kelele, ni ile ya kumwita mtu kwa jina lake. Nikainua kichwa. Muuza mikate alikuwa amesimama wima majini kama anayepanda ngazi, kidevu kinatoka kinazama, macho yamemtoka. Hakupiga ukelele. Jamani, mtu anayezama hapigi ukelele kama kwenye sinema. Anakosa pumzi ya kupigia. Tulikuwa tumemzunguka watu wanne na hakuna aliyejua, ila mzee aliyekaa ngalawani hana mbio na mtu.

Ami akamtupia tyubu, akampandisha, akatapika maji ya chumvi. Kumbe hajui kuogelea! Anajua kucheza majini, maji yakiwa ya kifua. Amezaliwa hapa, baba yake amezaliwa hapa, na hajawahi kufika mahali asipogusa chini. Kwa nini hakusema? Kwa sababu mimi nilishasema mbele ya watu kwamba mtoto wa Pwani hafundishwi kuogelea. Nani angeinua mkono akajivua Upwani wake mbele ya binti?

Hapo ndipo hoja yangu ilipogeuka ikanitazama mwenyewe. Tunaishi katika mji wa kisiwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Watu wangapi wanavuka Likoni kila siku wakitazama yale maji kama ukuta? Wazee wetu hawawezi kuisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakapoteza maisha, si katikati ya bahari kuu, ni pale pale, nchi kavu inaonekana. Sisemi kwamba kila mtu angeokoka kwa kujua kuogelea. Chombo kikipinduka na mamia ya watu, hata muogeleaji hodari anavutwa chini. Lakini baada ya msiba ule, je, mji huu ulijenga mabwawa ya kufundishia watoto katika kila kata? Mimi nimesoma hapa mpaka kidato cha nne. Nilifundishwa umbo la mto Amazon. Kuogelea sikufundishwa hata siku moja. Mabwawa niliyoyajua utotoni ni ya mahoteli, na bwawa la hoteli mtoto wa mtaani hulijua kwa harufu ya dawa tu, kupitia uani.

Kwa hiyo mwenzangu, kasumba ni ya nani? Ya anayemwandika kijana wa Kisauni ndani ya bahari yake, au ya anayesema bahari hiyo, ikishawekwa boya na saa, ni mali ya wageni? Wewe ndiye umewapa. Umewapa maji, ukabaki na uwanja wa kuwauzia madafu.

Nirudi kwenye safari yetu. Kutoka Bamburi tulishika barabara ya Malindi: Shanzu, daraja la Mtwapa, Kikambala, Vipingo na mikonge yake, mpaka karibu na daraja la Kilifi, kisha kurudi. Kilomita 90 zinapungukia kidogo, tukaziongeza kwa kuzunguka mitaa ya Bamburi. Sitawadanganya kwamba ilikuwa tamu. Malori yanakupita mpaka unahisi upepo wake unataka kukuvuta chini ya magurudumu. Yeyote anayetaka kufanya jambo hili aombe barabara ifungwe, au apate gari la kumlinda nyuma. Sisi tulikuwa na pikipiki moja yenye kitambaa chekundu, na Mungu.

Halafu joto. Hili nataka waandishi wenzangu walielewe, maana tunaandika "jasho lilimtoka" kama pambo. Mwili unapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu yake inageuka moto. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Bara hewa ni kavu, jasho linapaa na kuondoka na joto. Kwetu hewa imeshajaa maji. Jasho linateremka mpaka kwenye raba na joto linabaki lilipo. Halafu unakunywa maji, maji, maji, chumvi yote imetoka na hujairudisha, kichwa kinaanza kuzunguka na tumbo kuvimba. Mkimbiaji wetu mmoja aliishia Vipingo kwa namna hiyo, anatapika na chupa tupu nne mkononi. Madafu ni mazuri lakini chumvi yake haitoshi. Mama mmoja muuza mihogo ndiye aliyemwokoa, kwa kumnyunyizia chumvi ya mihogo kwenye maji na kumlaza kivulini.

Na muuza mikate? Mimi nilidhani amekwenda kwao. Nilipokuwa narudi, baada ya Mtwapa, nikasikia kengele nyuma yangu: kring, kring. Ni yeye! Juu ya Black Mamba, na kreti tupu bado limefungwa nyuma kwa mpira. Akasema, "Sipo kwenye hesabu, beshte, lakini nimekuja." Akanipita. Mimi na gia zangu mbili nikautazama mgongo wake ukipotea. Waliocheka kikaoni walikosa kuona mgongo ule.

Mbio tulikimbilia ufuoni, kutoka Bamburi kuelekea Nyali na kurudi, mara mbili. Saa sita na nusu hivi maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mgumu kama lami. Mbele ya hoteli moja ambayo siitaji, mlinzi akatuzuia na rungu. "We kijana, hapa hapapitwi, wageni wanapumzika." Binti wa Kisauni, ambaye alikuwa anakuja kwa mzunguko wa pili wakati mimi niko wa kwanza, akasimama, mikono kiunoni, anahema. Akamwambia, "Kaka, shikamoo ya kazi. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 62. Ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Hapa uliposimama wewe na mimi, asubuhi palikuwa bahari." Mlinzi akatazama chini, akaona konokono na mchanga uliolowa. Akatabasamu, masikini, naye ni mtu wa kuajiriwa, akasogea. Mimi ndiye mtunzi, lakini maneno yale yalitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa amekwisha kwenda zaidi ya kilomita mia.

Mimi nilimaliza saa tisa na dakika kumi na moja alasiri, maji yameanza kujaa tena na mchanga umelainika. Saa nane na dakika arobaini na moja tangu kuanza. Katika mashindano ya wenyewe mwisho kwa kawaida ni saa nane na nusu. Maana yake ningeandikwa kwamba sikumaliza. Naandika hivyo wazi ili msije mkasema najisifu. Tulioanza ni tisa, waliofika mwisho ni watano, mimi wa tano. Medali ilikuwa dafu.

Mtasema: kazi bure, tisa tu! Basi tazameni. Bermuda ni visiwa vya watu takriban 64,000, hawafiki hata sehemu ya kumi ya Mombasa. Flora Duffy, binti wa visiwa hivyo, alishinda triathloni katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, na ile ikawa dhahabu ya kwanza katika historia ya nchi yake. Na Sydney mwaka 2000, michezo ile ile ambayo triathloni iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake, wenzake wawili wameondolewa kwa kuanza kabla ya ishara. Alikuwa amejifunza miezi michache tu, katika bwawa la hoteli. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72, dunia ikamcheka, halafu ikasimama kumpigia makofi. Baadaye akawa kocha wa timu ya taifa lake. Kati ya Duffy na Moussambani, tofauti iko kwenye maji ya kujifunzia. Hiyo ndiyo hoja ya kupigania, na wala haipiganiwi kwa kusema "si mambo yetu".

Kwa waandishi wenzangu nina moja tu. Adam Shafi alipotoa Kuli mwaka 1979, aliwaweka wapagazi wa bandari ya Unguja katikati ya riwaya, na jasho lao likawa fasihi. Hakuna aliyemwambia kwamba meli ni ya Mzungu, kwa hiyo asiiandike. Kwa nini sisi tuogope baiskeli na boya? Tukiacha kuyaandika, wataandika wengine, na sisi tutatokea kwenye vitabu vyao tukiwa tumeshika trei ya maji kando ya barabara.

Sura ya sita inabaki. Ila nimeifuta sentensi moja ambayo mkosoaji wangu, kwa makelele yake yote ya kasumba, hakuiona. Niliandika kwamba shujaa wangu aliogelea kama samaki bila kufundishwa na mtu, kwa kuwa alizaliwa Pwani. Huo ulikuwa uongo, na uongo ule ulikaribia kumuua mtu. Sasa shujaa anafundishwa kurasa kumi na moja nzima, anakunywa maji ya chumvi, anaogopa.

Jumamosi, maji yakijaa asubuhi, tuko Bamburi na ami na zile tyubu mbili. Muuza mikate ameshafika mita mia mbili bila kugusa chini. Ndugu yangu uliyenitupia neno lile, njoo. Chai tutaleta sisi. Wewe njoo na kaptula, na kama hujui kuogelea, sema mapema.